Michoro ya visa kwenye mfumo mkubwa, inasaidia kweli au ni mapambo ya ukutani?

Chalii_wa_Sakina

Wakuu poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira kidogo kwaiyo nikirefusha mnivumilie.

Mimi na mwenzangu tuko hapa Arusha, tumepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kule juu Moshi vijijini, jina la chama naliweka pembeni. Kazi yenyewe ukiisimulia inaisha kabla chai haijapoa: mkulima analeta kahawa aliyoikoboa na kuianika nyumbani, karani anaiweka kwenye mizani, kilo zinaingizwa kwenye kishikwambi, mkulima anapata meseji, alafu malipo ya awali yanaingia kwenye simu yake. Kahawa ikishauzwa mnadani Moshi mjini ndo inakuja hesabu ya malipo ya pili. Basi. Ila ukianza kuhesabu nani anaongea na nani unakuta kuna mkulima, karani, kishikwambi, seva yetu (kompyuta kuu), mtandao wa simu unaolipa, mhasibu anayeidhinisha, meneja wa chama, na juu ya yote neti ya kule ambayo ikinyesha tu imeondoka, kwaiyo kishikwambi inabidi kifanye kazi bila neti alafu kitume kila kitu neti ikirudi.

Mwenzangu ndo msomi wetu, akasema hakuna kuandika kodi (maandishi ya programu, sio ya TRA) kabla ya kuchora. Tukachora izo sikwensi dayagramu, ile michoro ya mistari inayoshuka chini, kila mstari ni mhusika mmoja, katikati mishale ya kwenda na kurudi. Kisa kimoja mchoro mmoja (visa vya kusimulia sio vya ubalozini). Mpaka leo tuna michoro 34, imejaa ukutani kama kalenda za duka la spea.

Sasa mwezi uliopita tukaanza majaribio, siku ya tatu tu mzee mmoja akalipwa mara mbili. Kaleta kilo 46 kalipwa za kilo 92. Bahati ni mzee mstaarabu, kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe simu mkononi anamuuliza karani "na hii nyingine ni ya nani?". Mhasibu hakuwa mstaarabu kiasi hicho.

Kilichonimaliza ni hiki, nilirudi ukutani nikapitia mchoro mmoja mmoja mpaka saa sita usiku na hakuna uliokosewa. Kila kisa kiko sahihi. Kodi nayo imefata michoro. Sasa kama michoro iko sawa na kodi iko sawa, hela ya watu imetoka mara mbili kupitia mlango gani? Na kama michoro haiwezi kunionyesha kitu kama hicho, kazi yake nini?

---

Kodi_Kwanza

Kazi yake ni kupata maksi chuoni. Nilishasema humu na leo narudia, hio michoro ukimaliza kuchora tayari imeshapitwa na wakati, kodi ndo ukweli. Weka namba ya kipekee kwenye kila muamala, databesi (hifadhi ya data) ikatae inayojirudia, umemaliza. Toa makaratasi ukutani upake rangi.

---

Ndizi_Mshare

Kodi_Kwanza kaka wewe kila uzi jibu lako moja 😂

Chalii pole. Mimi niko Moshi, nafanya mifumo ya vituo vya afya, sio kahawa, ila ugonjwa wako naujua. Kabla sijasema lolote naomba unijibu vitu viwili. Kwanza, izo 34 mmechora na nani? Karani alikuwepo? Pili, kati ya 34 ni ngapi ambazo neti inakata katikati, yaani sio mwanzoni wala mwishoni, katikati kabisa mshale ukiwa njiani?

Nauliza kwasababu mimi nilianza kama nyie. Tulikaa ofisini watu watatu wenye laptopu tukachora safari ya mgonjwa toka mapokezi mpaka dawa, michoro safi kabisa ya PlantUML (programu ya kuchorea), rangi na kila kitu. Tukaipeleka kwa manesi. Nesi mmoja mtu mzima akaiangalia weee akasema "mwanangu hapa umeandika maabara inarudisha majibu kwa daktari. Hairudishi. Majibu anayabeba mgonjwa mwenyewe kwenye karatasi, na wengine wakishayaona wanaenda nyumbani." Mstari mzima wa mhusika hatukuwa nao! Karatasi. Karatasi ndo ilikuwa mhusika na sisi hatukuichora.

Toka siku hio sichori ofisini. Nanunua manila mbili za dukani, maka, na biskuti, nakaa na watu wenyewe. Nawaambia nisimulieni siku ya jana, sio "utaratibu ukoje" maana ukiuliza utaratibu unapewa uongo mzuri, uliza jana. Mtu wa kawaida ukimuonyesha mchoro wa databesi anatikisa kichwa kwa heshima tu, ila ukimuonyesha mchoro wa kisa, huyu kamwambia huyu, huyu kajibu hivi, anakudaka hapo hapo ukikosea. Huo ndo uzuri wake na mimi naona hapo tu panalipa gharama yote. Kodi huwezi kumuonyesha nesi.

---

Chalii_wa_Sakina

Dada Ndizi umenigusa pabaya. Karani hakuwepo. Tulichora sisi wawili na meneja alikuja mara moja akanywa soda akasema sawa sawa.

Kuhusu neti kukata, ipo. Nieleze michoro miwili inayohusika na yale malipo labda mtaona.

Kisa cha 7, malipo yamefanikiwa: seva inatuma ombi la malipo kwa mtandao wa simu, mtandao unalipa, unarudisha jibu "imelipwa", seva inaandika imelipwa, mkulima anapata meseji.

Kisa cha 8, malipo yameshindikana: seva inatuma ombi, mtandao haulipi (mfano uko chini), seva inasubiri sekunde 30 haioni jibu, inaandika imeshindikana, inatuma ombi tena, safari hii mtandao unalipa na kujibu "imelipwa".

Viwili hivyo. Vyote sahihi, si ndio?

---

Mzee_wa_Mitambo

Vijana habari za jioni. Nimesoma uzi huu toka juu nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini.

Chalii jibu lako umeliandika mwenyewe hapo juu bila kujua. Ngoja nikueleze taratibu maana hili jambo lina umri kuliko wewe.

Siku ile kilichotokea ni hiki. Seva ilituma ombi. Mtandao ukalipa, yaani mtandao uko ndani ya kisa cha 7. Jibu "imelipwa" likachelewa au likapotea njiani. Sekunde 30 zikaisha, seva haijaona kitu, kwaiyo seva ikaamua kwamba iko kisa cha 8, ikatuma tena. Mtandao ukapokea ombi jipya, ukalipa tena kwa moyo mweupe. Kila mhusika amefata mchoro halali. Seva imefata cha 8 mwanzo mwisho, haijakosea mshale hata mmoja. Mtandao kila ombi lililoufikia umelipa na kujibu kama mlivyochora. Ila ukiwaweka pamoja umezaliwa mchoro wa 35 ambao hakuna aliyeuchora. Hela imepita hapo.

Hiki kitu kina heshima yake kwenye utafiti. Mwaka 2000 watu watatu, Rajeev Alur, Kousha Etessami na Mihalis Yannakakis, walikieleza vizuri sana: ukitoa mkusanyiko wa visa, unaweza ukawa umetoa na visa vingine bila kukusudia, kwasababu kila mhusika anaona mstari wake tu, hamuoni mwenzake. Mfano wao ulikuwa wa kinu cha nyuklia. Kuna akiba mbili, ya urani na ya tindikali ya naitriki, ambazo lazima zibaki sawa. Mtu mmoja kazi yake ni kuziongeza zote mbili kwa kipimo kimoja, mwingine kazi yake kuzizidisha zote mara mbili. Mchoro wa kwanza, kuongeza kunatangulia kote. Mchoro wa pili, kuzidisha kunatangulia kote. Yote salama. Sasa weka namba uone, chukua 10 kila upande. Upande mmoja ujumbe wa kuongeza ukawahi, 11, alafu 22. Upande wa pili ujumbe wa kuzidisha ukawahi, 20, alafu 21. Hazilingani tena. Na hakuna aliyekiuka mchoro. Wewe umepoteza hela ya kilo 46, shukuru.

Kingine ambacho vijana wengi hamkioni kwenye hii michoro. Mshale ulio juu kwenye karatasi haimaanishi umetangulia ule ulio chini. Mpangilio uko kwenye mstari wa mhusika mmoja tu, na kati ya kutuma na kupokea ujumbe uleule. Basi, zaidi ya hapo ni macho yako yanakudanganya kwasababu umezoea kusoma toka juu kwenda chini. Mishale miwili ya watu tofauti isiyounganishwa na kitu, mmoja juu mmoja chini, yoyote inaweza kutangulia.

---

Kodi_Kwanza

Mzee shikamoo. Maelezo safi, sikatai. Lakini si unaona jibu linabaki lilelile, namba ya kipekee? Sasa tumezunguka nyuklia ya nini?

---

Mzee_wa_Mitambo

Marahaba. Namba ya kipekee unaiweka wapi kijana? Ukiitengeneza kwenye seva kila inapotuma ombi, ombi la pili lina namba mpya, mtandao unaliona ni malipo mengine, unalipa. Databesi yako haijakataa kitu maana kwake ni namba mbili tofauti. Watu wengi wameweka namba ya kipekee na bado wamelipa mara mbili.

Lazima namba izaliwe pale kwenye mizani, karani anapobonyeza hifadhi, na namba hiyohiyo isafiri mpaka mwisho hata kama ombi limetumwa mara kumi. Na huko mwisho mtandao wa simu nao uwe unaiheshimu, yaani ukiona namba uliyoshailipa urudishe jibu la zamani usilipe upya. Hilo uliza mkataba wao unasemaje usikisie. Sasa mahali pa kuzaliwa namba umepaonaje? Kwenye mchoro. Unafata mshale kurudi nyuma mpaka unakuta tendo la kwanza la binadamu. Hio ndo kazi ya karatasi za ukutani.

---

Bati_la_Kijenge

Wadau samahani naingia kati, mimi bado mwanafunzi hapa Arusha. Hii michoro sisi tumefundishwa kama kitu cha UML (ile lugha ya kuchora mifumo) tu, mzee anasema ina umri. Ilianzia wapi? Na kuna ile nyingine ya vibox vya hali, inaitwa stetichati, tofauti yake na hii nini maana kwenye mtihani huwa nachanganya.

---

Mzee_wa_Mitambo

Swali zuri. Watu wa simu ndo waliozaa hii kitu, sio watu wa kompyuta za mezani. Fikiria simu ya mezani ya zamani: umeinua mkono wa simu, mtambo unakupa mlio, unazungusha namba, mtambo wako unaongea na mtambo wa pili, wa pili unapigisha kengele, mtu wa kule anainua, njia inafunguka. Na mmoja akikata kabla mwenzake hajainua? Kila kampuni ya mitambo ilikuwa inachora mishale ya namna hii, kila mmoja kwa mtindo wake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU kule Geneva, likaweka kanuni moja, inaitwa Z.120, michoro ikaitwa MSC (Message Sequence Charts, michoro ya mfuatano wa ujumbe). Sisi mafundi wa mitambo tulikuwa tunasoma makabrasha yaliyojaa hiyo kitu.

Kule Uswidi, Ivar Jacobson akiwa Ericsson, akaja na wazo la kuanza mfumo mzima na visa vya mtumiaji, ndo izo yuzi kesi mnazofundishwa. UML yenyewe imepitishwa 1997, na ilipotoka toleo la 2.0 mwaka 2005 ikabeba vitu vingi kutoka MSC, kama vile visanduku vya "alt" (hiki au kile), "opt" (kikihitajika), "loop" (kurudia) na "par" (kwa pamoja) mnavyochora leo. Kwaiyo ukichora sikwensi dayagramu ya duka la mtandaoni unatumia lugha ya fundi simu.

Stetichati ni ya David Harel, aliichapisha 1987, aliianzisha akiwasaidia wahandisi wa ndege ya kivita iliyokuwa inaitwa Lavi. Tofauti ishike hivi hutasahau kwenye mtihani: mchoro wa kisa ni kisa kimoja cha wahusika wote. Stetichati ni visa vyote vya mhusika mmoja. Mmoja unakata ubao kwa upana, mwingine unakata kwa urefu.

---

Ndizi_Mshare

Hapo kwenye upana na urefu hapo mzee, naomba Chalii akae hapo hapo asiondoke.

Maana ukichukua mstari wa seva kwenye michoro yote inayogusa malipo ukaugeuza uwe visanduku vya hali, utakuta umeandika: linasubiri kutumwa, limetumwa, imelipwa, imeshindikana. Nne. Sasa ile sekunde ya 30 ikiisha bila jibu, uko wapi hapo? Nyie mmejiweka "imeshindikana". Ila ukweli haijashindikana, hamjui. Hali ya tano, haijulikani. Nyie hamkuwa nayo. Mtandao wa simu ukinyamaza sio kwamba umekataa, ni kama umempigia mama mkwe hajapokea, huwezi kutangaza amekufa.

Na ukishakuwa na kisanduku cha "haijulikani" mishale inayotoka humo inakuja yenyewe: uliza hali ya muamala kwa namba ileile, kama umelipwa andika imelipwa, kama haupo ndo tuma tena, kama bado kimya subiri, na baada ya muda fulani mpe mhasibu aangalie kwa macho. Hapo kuna binadamu ndani ya mchoro, sio vibaya, wengi wanaona aibu kuchora binadamu.

Sisi kwenye vituo hali yetu ya "haijulikani" ilikuwa mgonjwa aliyetumwa maabara hajarudi. Mfumo ulikuwa unasema yuko maabara, siku tatu yuko maabara 😅 mtu yuko Mbuyuni anauza nyanya.

---

Chalii_wa_Sakina

Wakuu nimekaa kimya kwasababu nilikuwa nachora. Dada Ndizi nimefanya hivyo, nimechukua mstari wa seva nikaukata kwa urefu kwenye michoro yote 34. Kweli, kimya tumekihesabu kama kukataa, na sio kwenye malipo tu. Kuna sehemu sita. Sita! Hata kwenye kilo za mkulima, kishikwambi kikituma kilo alafu neti ikafa kabla seva haijajibu, kishikwambi kinaona haijaenda kinatuma tena, kwaiyo kama namba haizaliwi kwenye mizani mkulima anapimwa mara mbili bila kugusa gunia.

Swali sasa. Hali ya namna hii naichoraje ukutani, ile ya "hiki kitu kisitokee kamwe"? Maana michoro yote ninayochora ni ya vinavyotokea. Nikichora mzee analipwa mara mbili mtu akija atadhani ndo utaratibu wetu.

---

Mzee_wa_Mitambo

Umefika mahali ambapo wataalamu wenyewe walikwama. Mchoro wa kawaida wa kisa unasema "hii inaweza kutokea". Hausemi lazima itokee, hausemi ni marufuku isitokee. Ni mfano tu. Meneja akiuona anadhani ni ahadi, developa akiuona anadhani ni mfano, hapo ugomvi umeanza.

Werner Damm na huyo huyo Harel mwishoni mwa miaka ya tisini wakatoa aina nyingine, LSC (Live Sequence Charts), ambayo inatenganisha. Kuna mchoro wa "kuna siku hii itatokea" na kuna mchoro wa "kila mara sehemu hii ya juu ikitokea, hii ya chini lazima ifate". Na ndani yake kila kitu kina joto: cha moto ni lazima, cha baridi ni hiari. Sharti la moto likivunjika mfumo umekosea. Sharti la baridi likivunjika unatoka tu kwenye mchoro kwa amani. Marufuku unaichora hivi: unaweka kisa kibaya chote, mwisho unaweka sharti la moto ambalo haliwezi kutimia. Maana yake ukifika hapo tayari umevunja sheria.

Kwenye UML 2 kuna kisanduku cha "neg" cha mambo yasiyoruhusiwa, ila wataalamu wenyewe wamebishana miaka juu ya maana yake kamili, usikitegemee sana. Wewe andika juu ya mchoro kwa maka nyekundu MARUFUKU, alafu kila marufuku iwe na testi yake, yaani jaribio. Inatosha kwa chama cha msingi.

---

Kodi_Kwanza

Hapo sasa tunaongea lugha moja. Testi. Mchoro wenye testi naukubali, mchoro usio na testi ni kanga.

Na nataka kuuliza kitu seriazi sio ubishi: mkishakubali kwamba michoro inazaa michoro mingine msiyoichora, mtaichora yote? Michoro 34 wahusika saba, mkianza kuchanganya visa vitaibuka kama uyoga. Mwisho wa mwaka mna michoro 3,000 na hamna mfumo.

---

Ndizi_Mshare

Swali zuri na umeuliza kwa adabu leo, umekula nini?

Hatuchori yote. Mimi nafanya hivi, siwezi kusema ndo sahihi duniani: nachora kisa kimoja cha kawaida kila kitu kikiwa sawa, kimoja tu, alafu naweka kidole kwenye kila mshale nauliza maswali matatu. Ukipotea? Ukichelewa mpaka baada ya ule unaofata? Ukifika mara mbili? Mishale mingi jibu linakuwa "hamna shida, anabonyeza tena". Inayokuwa na shida ni michache na karibu yote inagusa hela, dawa au kitu ambacho ukishakifanya hukirudishi. Hio ndo inapata mchoro wake. Kwaiyo kwenye kazi ambayo nyie mngechora 34 mimi nafikiri ningekuwa na 11 hivi na nusu yake nyekundu.

Na mchoro ukizidi wahusika sita au saba mimi naukata, hakuna mtu anayeusoma, anaangalia tu mistari mingi anasema mmefanya kazi.

---

Mzee_wa_Mitambo

Kwa uzoefu wangu Ndizi yuko sahihi. Zipo programu za kukutafutia visa vilivyojificha kimahesabu, watu wamefanya tasnifu humo, ila kwa wahusika wengi zinachoka na zenyewe. Kidole juu ya mshale kinakufikisha mbali.

---

Bati_la_Kijenge

Swali la mwisho la mwanafunzi, mnachorea nini? Mimi naburuta vibox kwa mausi mpaka mkono unakufa ganzi, nikibadilisha mshale mmoja yote inahama.

---

Ndizi_Mshare

Achana na kuburuta. Tumia PlantUML au Mermaid, unaandika maneno mistari kama kodi, mchoro unajichora. Alafu faili la maneno linakaa humohumo na kodi, mtu akibadilisha kodi bila kubadilisha mchoro mnaona kwenye mapitio. Ndo dawa pekee ninayoijua ya ile shida ya Kodi_Kwanza ya michoro kupitwa na wakati. Lakini ya kwanza kabisa chora kwa mkono kwenye manila, mbele ya watu. Mtu anaogopa kusahihisha kitu kilichotoka kwenye printa, cha maka anakuja kufuta kwa kiganja.

---

Chalii_wa_Sakina

Mrejesho wakuu, wiki mbili zimepita.

Jumamosi ile nilipanda Coaster asubuhi na manila zangu nikaenda kukaa na makarani wawili na mhasibu chini ya mgomba. Nikauliza kama dada Ndizi alivyosema, jana ilikuwaje. Dakika kumi tu karani mmoja akasema neti ikikata na foleni ni ndefu yeye anaandika kilo kwenye daftari, jioni anaingiza zote kwa mpigo. Daftari! Hatukuwa na daftari popote kwenye michoro. Sasa ikitokea nyingine alishaziingiza kwenye kishikwambi kabla neti haijakata, jioni anaziingiza tena, na namba yangu nzuri ya kipekee inazaliwa mara mbili kwa gunia lilelile, hakuna databesi wala mtandao wa simu utakaojua.

Mhasibu akacheka akasema "mimi ndo maana nalinganisha na daftari kila Ijumaa". Yaani mama wa watu alikuwa anafanya kazi ya mfumo wetu kwa kalamu miezi yote hiyo na sisi hatumjui.

Kwaiyo kwa sasa: namba inazaliwa kwenye mizani, hali ya "haijulikani" imeingia sehemu zote sita, ombi halitumwi tena kabla ya kuuliza hali, michoro imeshuka mpaka 13 na mitano ni ya maka nyekundu kila mmoja na testi yake. La daftari bado linanisumbua. Nimewaza kurasa za daftari ziwe na namba zilizochapwa tayari, karani anaingiza namba ya karatasi badala ya kishikwambi kutengeneza yake, hata kama neti ipo. Mwenzangu anasema makarani watachoka siku ya pili wataanza kuandika namba za uongo.

---

Ndizi_Mshare

Mwenzako ana hoja. Zichapwe kwenye stika kama za namba za vipimo vya maabara, vipande vitatu vya namba moja, kimoja gunia, kimoja daftari, kimoja anapewa mkulima. Mkulima mwenyewe hatakubali kuondoka bila stika yake, huyo ndo mkaguzi wako. Sisi ilifanya kazi, isipokuwa msimu wa mvua zinabanduka.

---

Kodi_Kwanza

Mkulima hamkumpa hata mstari wa maana kwenye mchoro, kazi yake ilikuwa kupokea meseji tu. Sasa ndo anashika mfumo mzima.

Stika za mvua uliza wauza asali pale sokoni, za kwao hazibanduki.